NGE KATIKA KOPO



Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka skimu ya pwani aliingia ofisini kwetu na kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa matundu. Nilidhani ameleta wadudu wa mikorosho, kama wengi waletavyo. Alipofunua niliona nge watano wa rangi ya kutu, wamegandamana na kipande cha gome. "Mwanangu karani," akasema, "nifundishe kuwafuga hawa wazaane. Yuko mtu mwenye gari aliyeniambia atanunua kila nitakayempata."

Huenda nawe umeahidiwa vivyo hivyo. Basi soma niliyomjibu.

Nge huyu wataalamu humwita Babycurus jacksoni. Ni wa Kenya na Tanzania, hukaa chini ya magome makavu na katika magogo, na mkubwa wake hufika sentimita 6 hadi 8 pamoja na mkia. Tazama magando yake: ni membamba, na mkia ni mnene. Nge wa umbo hili kwa kawaida ndio wenye sumu kali kuliko wale wenye magando mapana kama ya kaa. Kwa hiyo usimpe mtoto kazi ya kuwakusanya, hata akiahidiwa peremende.

Kufugwa, anafugika. Huko Ulaya watu humweka katika sanduku la plastiki lenye kifuniko imara. Huweka magome yaliyosimamishwa wima, maana nge huyu hupenda kuning'inia, na wakati wa kujivua ngozi huhitaji mahali pa kushika. Joto lawe kama 27 hadi 30. Humnyunyizia maji kidogo tu, kwani unyevu ukizidi huleta ukungu. Chakula chake ni nyenje na mende, lakini usimwachie nyenje hai nge anayejivua, kwa sababu mwili wake bado ni laini naye huweza kuliwa yeye.

Kuzaliana kwake ni jambo la ajabu. Dume humshika jike magando, wakatembea mbele na nyuma kama watu wachezao ngoma, mpaka dume aweke mbegu chini na kumvuta jike juu yake. Jike hatagi mayai. Baada ya miezi kadhaa huzaa watoto hai, weupe, ambao hupanda mgongoni mwake. Hukaa hapo mpaka wajivue mara ya kwanza, kisha hushuka. Ukimsumbua mama wakati huo, au akishikwa na njaa, atawala wanawe. Watoto nao hujivua mara nyingi kabla ya kuwa wakubwa, na hiyo ni kazi ya miezi mingi. Kuku ni mwepesi zaidi.

Sasa fikiri hesabu yake. Katika jamaa ya nge hawa, jike aliyepandwa mara moja huweza kuzaa tena na tena bila kukutana na dume. Basi mnunuzi akipata majike wachache wenye mimba, atazalisha kwake mwenyewe, naye hana haja nawe tena. Wewe ulitoa mbegu, akalima yeye.

Tena kuna sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haihesabu ndovu na simba peke yao. Humhesabu kila mnyama wa porini wa asili ya nchi hii. Kabla ya kukamata, kufuga au kuuza, enda ofisi ya KWS ukaulize habari za kibali. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya biashara ya sisimizi malkia. Naam, sisimizi! Mmoja wao alikuwa Mkenya.

Yule mzee alinyamaza kidogo, akauliza, "Na hawa je?" Nikamwambia awarudishe penye mkorosho alikowatoa, asiwaue, maana hula mende na wadudu wengine.

Mwenye kuumwa na nge asichanjwe wala asifungwe kamba. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Akiwa mtoto, au mtu akianza kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida, mpeleke zahanati mara moja.

Kitu kimoja mzee alikipenda sana. Ile taa ndogo ya dukani ya kukagulia noti bandia, ukimmulikia nge gizani, yeye hung'aa rangi ya kijani. Siku hizi, aniambia, humulika kuni na kuta kila jioni kabla wajukuu hawajatandika mikeka, na juzi alimwona mmoja chini ya mtungi.