Kifaa ni Chako, Amri ya Nani?

Mtu akinunua redio pale Gikomba, muuzaji hamwamrishi asikilize kituo gani. Mbona basi anunuaye kicheza-muziki cha mfukoni afungwe kwa programu moja tu, ile ya mtengenezaji?

Tuchukue mfano wa iPod, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2001 na kukomeshwa mwaka 2022. Nyimbo zake zilipaswa kupitia programu ya iTunes, nayo ilikifungamanisha kifaa na kompyuta moja. Mtu alipotaka kukioanisha na kompyuta nyingine, iTunes ilidai kwanza kufuta nyimbo zilizomo. Utaratibu huo uliwafaa wenye kompyuta zao nyumbani. Je, kijana wa Kayole au Umoja aliyetegemea saiba, leo akikalia kompyuta hii na kesho ile, angehifadhi vipi nyimbo za Kalamashaka alizozikusanya kwa miezi?

Hapo ndipo zilipofaa programu zilizobuniwa na wengine. Winamp na gtkpod ziliweza kutia nyimbo katika iPod bila iTunes. Rockbox, iliyoanzishwa na wanaprogramu wa kujitolea mwaka 2001, huenda mbali zaidi. Hushika nafasi ya programu iliyomo ndani ya vifaa vya aina kadhaa, ikawezesha nyimbo kunakiliwa humo kama katika diski ya kawaida. Fauka ya hayo, huweza kuisoma menyu kwa sauti, jambo la manufaa makubwa kwa mwanafunzi asiyeona. Hivyo vifaa vikongwe vilivyotupwa mkono na makampuni huendelea kutumika. Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo wadaio kwamba uhuru huu huzaa wizi wa muziki. Hoja hiyo haina mashiko. Kanda za bandia ziliuzwa mitaani kabla ya vifaa hivi kuzuka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda msanii wa Dandora, msikilizaji awe anatumia programu ya nani. Anayenunua wimbo kwa haki hana sababu ya kunyimwa hiari ya namna ya kuusikiliza.

Walimu wetu wa kompyuta, basi, wasikomee kuwafundisha wanafunzi kubonyeza vitufe. Wawazoeze kuuliza programu fulani imebuniwa kwa manufaa ya nani, ipo nyingine ifanyayo kazi hiyo, na inapatikana wapi kwa wabunifu wenyewe, wasije wakapakua virusi. Mwanafunzi wa Eastlands anayaweza hayo, mradi aelekezwe.