Palgongsan: Mlima wa Mahekalu Kando ya Daegu

Palgongsan ni mlima ulio kaskazini mwa Daegu, jiji la Korea Kusini lenye wakazi zaidi ya milioni mbili. Kilele chake kirefu zaidi, Birobong, kina kimo cha takriban mita 1,193. Tangu 1980 ulikuwa hifadhi ya mkoa, na mwishoni mwa 2023 ukawa hifadhi ya taifa ya 23 nchini humo. Kutoka mjini, mabasi ya kawaida ya abiria humfikisha mpandaji hadi chini ya mlima.

Ubuddha umekita mizizi hapa kwa karne nyingi. Hekalu kuu, Donghwasa, husimuliwa kuwa lilianzishwa mwaka 493. Inasimuliwa pia kwamba lilipojengwa upya mwaka 832, miti ya paulonia ilichanua katikati ya baridi kali, ndipo likaitwa Donghwasa, yaani hekalu la maua ya paulonia. Mwaka 1992 sanamu kubwa ya Budha ilisimamishwa uani mwake, kuombea Korea mbili ziungane tena. Katika hekalu jingine, Buinsa, zilihifadhiwa mbao zilizochongwa kwa ajili ya kuchapia maandiko ya Kibuddha, hadi Wamongolia walipoziteketeza mwaka 1232.

Njia yenye watu wengi zaidi ni ile ya kwenda Gatbawi, jina lenye maana ya mwamba wa kofia. Kutoka upande wa Daegu, ni mwendo wa saa moja hivi, sehemu kubwa ikiwa ngazi za mawe zinazochosha magoti. Juu, kwenye kimo cha mita 850 hivi, ameketi Budha wa itale aliyechongwa enzi za ufalme wa Silla, kichwani akiwa na bamba la jiwe mfano wa kofia pana ya kale ya Kikorea. Inaaminika kwamba humjalia kila mwombaji ombi moja. Kwa hiyo kila Novemba, mtihani wa kuingia chuo kikuu unapokaribia, wazazi hujaa hapo wakisujudu kuwaombea wanao bahati njema, wengine mara 108, idadi ambayo Wabuddha huihusisha na tamaa na mahangaiko ya binadamu.

Anayetaka mwendo mrefu zaidi hufuata mgongo wa mlima hadi Birobong. Huko miamba ni mingi na upepo ni mkali, hivyo viatu vyenye kushika vizuri, maji na nguo ya joto ni vya lazima. Vuli, majani yanapogeuka mekundu na manjano, ndiyo msimu wa watu wengi. Wakati wa baridi, barafu huzifanya ngazi kuteleza.

Mahekaluni, wageni huvua viatu kabla ya kuingia ukumbini, hupitia mlango wa pembeni kwa kuwa ule wa katikati ni wa watawa, na husema kwa sauti ya chini.