Mwalimu aliyeuacha mpigo wa mtoto uongoze tiba

MOSHI, mji wenye kwaya nyingi, hauhitaji kuambiwa kwamba muziki hufariji. Jambo geni ni kuutumia kumtibu mtoto asiyesema. Clive Robbins (1927–2011), mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, aliianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 pamoja na mpiga piano Mmarekani, Paul Nordoff. Baadaye aliifundisha New York.

Kwake, mtoto hakufundishwa wimbo, alisikilizwa kwanza. Akilia, piano iliufuata mlio wake. Akipiga ngoma ovyo, mpigo wake ndio ulioongoza, hadi atambue kuwa anajibiwa, naye aanze kujibu.

Ngoma zimejaa Uchagani. Aliye adimu ni mtaalamu aliyefunzwa kusikiliza hivyo.