Kukatika Mkono Si Kukatika Kazi



Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Maana yake, aliye hai asijisifu kwamba umbo lake limekwisha kukamilika. Leo una mikono miwili, kesho huenda una mmoja. Sisi wa viwandani na mashambani ndio tungeijua methali hii kuliko wengine, maana kila siku tuko karibu na mikanda ya mashine, mapanga na dawa za kunyunyizia. Lakini mwenzetu akipatwa na jambo, tunamtazama kama mgeni. Leo tunataka kueleza jinsi tunavyowatazama watu wenye ulemavu, na nani anafaidika na mtazamo huo.

Tuanze na yaliyotokea kwetu hapa Uganda. Katika kiwanda kimoja cha sukari mwenzetu alinaswa na mashine, mkono ukakatwa juu ya kiwiko. Akiwa bado kitandani hospitalini, karani alimletea bahasha yenye fedha kidogo pamoja na karatasi ya Kiingereza. Hakuweza kuisoma. Akatia dole gumba la mkono uliobaki. Karatasi ile ilisema amepokea haki zake zote na ameacha kazi kwa hiari yake.

Kijijini walisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Wengine walisema ni mapenzi ya Mungu, basi avumilie. Na sisi wa chama je? Tulichanga fedha, tukampelekea unga, sukari na sabuni, tukarudi nyumbani tumeridhika. Hakuna aliyeuliza kwa nini mashine ile haikuwa na kinga. Hakuna aliyeuliza atarudi kazi gani. Baada ya miezi michache tulikuwa tunamwita "Mkono Mmoja", kana kwamba hakuwahi kuwa na jina. Tunaandika haya kwa aibu, ili wengine wasirudie kosa letu.

Ndugu, kuna njia tatu za kumtazama mtu mwenye ulemavu. Ya kwanza ni kusema ni laana au uchawi. Njia hii humfanya afichwe ndani, na mashine isiyo na kinga haiulizwi swali. Ya pili ni huruma. Huruma si mbaya, lakini ikibaki peke yake humfanya mtu awe ombaomba wa milele. Leo unampa unga, kesho umechoka. Ya tatu ni haki. Mwaka 1976 kule Uingereza, kikundi cha watu wenye ulemavu kilieleza kwamba kiungo kilichopungua ni jambo moja, na kuzuiwa kushiriki katika maisha ni jambo jingine, na kwamba hilo la pili hufanywa na jamii yenyewe.

Tutazame kwa mifano yetu. Mtu wa kiti cha magurudumu anazuiwa na ngazi za ofisi. Asiyesikia anazuiwa na mkutano usio na mtu wa kutafsiri kwa alama. Mwenzetu wa kiwanda cha nguo, aliyepoteza masikio polepole kwa kelele za mitambo, nyapara humwita mkaidi kwa kuwa haitiki anapoitwa. Kumbe kazi yenyewe ndiyo iliyomziba masikio, na hakuna aliyempa vizibo vya kuyakinga.

Hata maneno yetu yatazamwe. Tunasema kilema, kipofu, kiziwi, kiwete. Maneno haya yanaanza kama kiti na kisu. Lakini mtu, mfanyakazi na mkulima huanza kwa namna nyingine. Ndiyo maana siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Neno peke yake halimrudishi mtu kazini. Lakini anayeitwa kama chombo hutupwa kama chombo kilichovunjika.

Hapa Uganda watu wenye ulemavu hawakungoja kusemewa. Waliunda umoja wao, NUDIPU, mwaka 1987. Katiba ya 1995 ilitamka kwamba wana haki ya kuheshimiwa utu wao, ikataka lugha ya alama iendelezwe, na wakapata wawakilishi wao Bungeni na katika mabaraza ya wilaya. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza vilevile.

Kwa aliyeumia kazini, iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Haimsaidii mwajiri kusema kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe. Fidia hudaiwa tu. Aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi kwa maisha yake hulipwa mshahara wa miezi 60. Aliyepoteza sehemu hulipwa kwa asilimia, kadiri daktari anavyopima. Tena makubaliano ya fidia hayana nguvu bila idhini ya ofisa wa kazi, na asiyejua kusoma lazima aelezwe kilichoandikwa.

Tulipoyajua haya, tulikwenda na mwenzetu kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Karatasi ile ya dole gumba ikaanguka. Fidia ilichelewa sana, lakini ililipwa. Na kazi alirudishwa: yuko kwenye mizani, anaandika uzito wa miwa kwa mkono wa kushoto, mkono aliojifunza kuandikia akiwa mtu mzima. Mshahara wake hata hivyo umepunguzwa, na dai hilo bado tunalo. Katika mikutano yetu yeye ndiye anayeuliza kwanza habari za kinga za mashine.

Kwa hiyo, ndugu, tukumbuke haya:

1. Mtu akiumia, mwajiri apewe taarifa mara moja, kabla mwezi haujaisha, na ofisa wa kazi ajulishwe.
2. Asitie sahihi wala dole gumba mpaka mjumbe wa chama ameisoma karatasi.
3. Tusidai fidia peke yake. Tudai pia kazi anayoiweza, kwa mshahara wake.
4. Mikutano yetu ifanywe mahali ambapo kila mwanachama anaweza kufika na kuelewa.
5. Kila mtu aitwe kwa jina lake.

Mchango wa unga tuendelee nao, maana mwenye njaa hangoji sheria. Lakini tukishaupeleka, tusirudi nyumbani kulala. Tupitie kwanza kwenye ofisi ya chama.

Umoja ni nguvu.