Kwa nini kipaza sauti cha kompyuta hunyamaza kwenye miksa

KATIKA mji kama Wajir, ulio zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi kwa barabara, kifaa cha studio kikiungua mchana hakipatikani kingine jioni. Hivyo yafaa mtangazaji aelewe ni kwa nini kipaza sauti cha kichwani, kile cha kompyuta, hunyamaza kinapochomekwa kwenye miksa.

Kipaza sauti hicho huhitaji umeme mdogo, takriban volti 2 hadi 5, ambao kompyuta huutoa kupitia tundu la milimita 3.5. Miksa haiutoi. Tundu lake la pini tatu, aina ya XLR, hutoa volti 48, na zikipitishwa kwa waya uliounganishwa kienyeji zaweza kukiunguza.

Dawa ni adapta yenye sakiti ya kupunguza volti hizo. Ile ya bei nafuu inayobadilisha umbo la plagi tu, na ambayo wengi huikimbilia, haisaidii. Plagi ya simu yenye mistari mitatu hubeba sauti ya masikioni na ya mdomoni pamoja. Sharti itenganishwe kwanza.

Swichi ya volti 48 huwashwa baada ya kuchomeka, sauti ikiwa imeshushwa kabisa.