JINA NA ANWANI: KIPIMO CHA KUTAMBUA BARUA TAKA



Siku hizi katibu wa chama cha msingi hana budi kufungua masanduku mawili ya barua: lile la posta, na lile lililomo ndani ya kompyuta au simu ya mkononi. Katika sanduku hili la pili huja taarifa za Mrajis, bei za wanunuzi na ankara za wauza pembejeo. Humo humo huja barua taka, yaani barua pepe zinazotumwa kwa maelfu ya watu bila wao kuziomba. Nyingi hupoteza wakati tu. Baadhi yake ni za wizi. Makala haya yanaeleza kipimo kimoja chepesi cha kuzitambua, pamoja na mipaka yake.

Jambo lenyewe si geni. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Wengi walilalamika, lakini njia ilikwisha kufunguka: kumwandikia mtu mmoja na kuwaandikia mamia kulikuwa na gharama karibu sawa.

Barua pepe husafiri namna gani?

Kanuni za kusafirisha barua pepe, zilizoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, hutenganisha bahasha na barua yenyewe, kama ilivyo posta. Mtambo unaobeba barua hufuata anwani iliyo juu ya bahasha. Maneno "Kwa" na "Kutoka" tunayoyaona tukifungua barua ni sehemu ya karatasi iliyomo ndani, na mwandishi aweza kuandika humo apendavyo.

Tena, katika mstari wa "Kwa" mwaweza kuwa na vitu viwili: jina la mpokeaji na anwani yake. Anwani ndiyo yenye alama ya @. Jina halitumiki kuifikisha barua. Likikosewa, hata likiachwa wazi, barua itafika vile vile.

Hapo ndipo kipimo chetu kinapoanzia. Anayetufahamu analo jina letu kwa sababu tulimpa sisi wenyewe. Asiyetufahamu mara nyingi anayo anwani tu. Ameiokota katika tangazo, ameinunua katika orodha iliyoibwa, au ameibahatisha kwa kuweka maneno kama katibu, mhasibu au mwenyekiti mbele ya alama ya @. Jina hana, na kwa kuwa ataka aonekane rafiki, hulibuni.

Dalili tatu

Kwanza, jina hutengenezwa kutokana na anwani. Tuchukue mfano wa chama ambacho anwani yake huanza na neno kahawa1984. Benki na muuza mbolea wanakijua chama hicho kwa jina lake kamili la usajili. Asubuhi moja inafika barua isemayo: "Mpendwa Kahawa1984, akaunti yetu imebadilika. Tafadhali lipeni fedha za mbolea kwa namba ifuatayo." Hakuna chama kilichosajiliwa kwa jina la Kahawa1984. Muuza mbolea wa kweli asingeandika hivyo. Katibu akilipa, fedha zitakazopotea ni za wakulima waliokwisha kukatwa katika malipo ya mazao yao, na mbolea haitafika shambani.

Pili, jina ni la mtu mwingine kabisa. Walaghai hutumia orodha ndefu zenye safu ya majina na safu ya anwani. Mstari mmoja ukiruka, kila jina huangukia anwani ya jirani yake. Ndiyo maana katibu aweza kupokea barua inayomwita kwa jina asilolijua.

Tatu, jina halipo. Barua husema tu "Mpendwa Mteja", ingawa inadai kutoka kwa mtu ambaye chama kimefanya naye kazi miaka mingi.

Kompyuta nayo yaweza kufundishwa kipimo hiki. Hupewa majina ambayo mwenye sanduku hujulikana kwayo, kisha huyalinganisha na jina lililoandikwa katika mstari wa "Kwa". Hata hivyo, si busara kuihukumu barua kwa dalili moja. Programu ya SpamAssassin, iliyoanza mwaka 2001, hutoa pointi kwa kila dalili na kuzijumlisha. Kwa kawaida barua huhesabiwa kuwa taka jumla ikifika 5.

Mipaka ya kipimo

Ifahamike kwamba jina kutolingana si ushahidi kamili wa hila. Ofisi inayotuma waraka kwa vyama vyote kwa pamoja yaweza kutoandika jina la hata kimoja. Mnunuzi mgeni aweza kukosea herufi za jina la chama. Katibu anayefuta kila barua ya namna hiyo aweza kufuta pia taarifa ya mnada au ya ukaguzi wa hesabu.

Vivyo hivyo, jina kulingana si ushahidi wa uaminifu. Jina la katibu limo katika mihuri, katika mbao za matangazo na katika mihtasari ya mikutano. Mlaghai mwenye bidii atalipata. Kwa hiyo kipimo hiki hutuambia ni barua ipi ya kushuku; hakituambii kamwe ni barua ipi ya kuilipa.

Utaratibu unaoshauriwa

1. Chama kichague namna moja ya kuandika jina lake, na kuitumia hiyo hiyo kwa benki, kwa wauza pembejeo na kwa wanunuzi.

2. Barua ifikapo, katibu asome jina aliloitwa kabla ya kusoma ombi, kisha ajiulize: ni nani tuliyempa jina hili?

3. Atazame pia anwani nzima ya mwandishi, si jina lake tu. Jina la benki laweza kuandikwa na mtu yeyote. Herufi zinazofuata alama ya @ ndizo za kukagua, moja moja.

4. Barua yenye mashaka isifutwe wala isijibiwe. Iwekwe kando na kuonyeshwa kwa mwenyekiti au mhasibu.

5. Barua yoyote inayotaka fedha, au inayobadili namba ya akaunti, ithibitishwe kwa simu kwa kutumia namba iliyomo katika majalada ya chama, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyo. Hata kama jina ni sahihi, hatua hii isirukwe.

Hundi ya chama haitoki kwa saini ya mtu mmoja, kwa kuwa mali ile ni ya wengi. Barua pepe nayo isipewe uwezo ambao hatukumpa hata mwenyekiti wetu. Tahadhari kabla ya hatari.