Mawe ya Kalehe: simenti ni kidogo, majina ndiyo mengi

Mifuko kumi ya simenti inatosha kusimamisha ukuta wenye majina ya watu 401. Ukitaka kila mmoja wao awe na kaburi lake lenye kifuniko cha zege, tafuta mifuko 562. Nimeanza na mifuko badala ya dola kwa sababu bei ya Bukavu hubadilika kila barabara inapofungwa, na tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Februari 2025, anayejenga kwa bei ya jana hujikuta amekwama katikati ya msingi. Idadi ya mifuko haibadiliki.

Hao 401 ni hesabu ya waliokufa kwa mafuriko ya Kalehe, mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa wakati nchi ikiomboleza, Jumatatu, Mei 8, 2023. Mvua ilishuka Alhamisi ya Mei 4, siku ya soko Nyamukubi, mito ikabeba mawe, matope na nyumba hadi Bushushu na ziwani. Ijumaa zilitajwa maiti 176. Kila siku hesabu ikapanda, na miili mingine ikaokotwa ikielea upande wa kisiwa cha Idjwi. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, haraka haraka, wengine bila ndugu wa kuwatambua. Waliotajwa kuwa hawajulikani walipo walizidi 5,000.

Familia ikikaa baada ya matanga kuuliza tuwawekee nini wapendwa wetu kitakachodumu, macho huenda kwenye zege na vigae. Tuanzie hapo. Kifuniko cha mita 2 kwa mita 1, unene sentimita 10, ni sehemu ya tano ya mita moja ya ujazo. Kwa kilo 350 za simenti katika kila mita ya ujazo, kaburi moja linakula kilo 70, yaani mfuko na nusu kasoro kidogo. Zidisha kwa 401: tani 28 za simenti, na zege lote pamoja na mchanga na kokoto karibu tani 190. Ardhi nayo, ukiweka na njia za kupita, ni mita za mraba 1,600 hivi, chini ya robo ya uwanja wa mpira. Mahali pengine hiyo si kitu. Kwenye miteremko ya Kalehe sehemu tambarare ni chache, na nyingi ziko kandokando ya ziwa, pale pale mito inapomwaga ilichobeba. Hakuna anayetaka kuzika wafu wa mafuriko mahali ambapo mafuriko yatawafuata.

Na majivu? Watu wa Kalehe huzika, na hakuna tanuri la kuchomea maiti, lakini swali si la kigeni kama zamani. Nairobi, mwanamazingira Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Oktoba 2011, katika jeneza lisilo la mbao, lililosukwa kwa mafunjo, mianzi na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Majivu yake yakazikwa Kabete, kwenye taasisi yenye jina lake. Mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata mwaka 2018. Majivu ya mtu mzima ni kilo mbili hadi tatu, ujazo wa lita tatu hivi. Majivu ya watu 401 yangekuwa tani moja, yakaenea katika mapipa sita ya lita 200. Kwa nafasi, hakuna kumbukumbu iliyo nafuu kuliko hiyo.

Ila moto hula. Bila tanuri, mwili mmoja unahitaji kuni karibu kilo 500. Tani 200 za kuni, basi, kupata tani moja ya majivu, na hizo kuni zitoke kwenye vilima vile vile ambavyo udongo wake uliporomoka kwa kukosa miti ya kuushika. Maathai angetufukuza.

Kanisa Katoliki, ambalo waumini wake ni wengi huku, liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963. Mwaka 2016 Vatikani ikasisitiza kwamba majivu yakae mahali patakatifu, si nyumbani wala kutawanywa. Desemba 2023, miezi saba baada ya Bushushu, ikajibu swali la Kardinali Matteo Zuppi wa Bologna: majivu ya watu wengi yanaweza kuhifadhiwa pamoja, mradi utambulisho wa kila mmoja uonyeshwe ili kumbukumbu ya jina lake isipotee. Sioni kwa nini kipimo hicho kisitumike kwa kaburi la pamoja.

Turudi ukutani. Mstari mmoja wa jina, herufi za sentimita 2 na nafasi ya 1, ni sentimita 3. Ukuta wa mita 2 kwenda juu unabeba mistari 66 kwa safu. Mkongomani ana majina matatu, kwa hiyo ipe kila safu nusu mita. Watu 401 ni safu 7, mita 3 na nusu. Kwa unene wa sentimita 20, bila msingi, ndiyo ile mifuko kumi. Waliopotea 5,000 ni safu 76, mita 38, mifuko 107. Hata ukuta wa wote hao haufiki robo ya simenti ya vifuniko.

Gharama imejificha kwenye orodha. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, hivyo hakuna daftari la serikali la kulinganisha nani alikuwepo na nani hayupo. Waliokuwa sokoni Alhamisi ile hawakuwa wote wa Nyamukubi. Wako waliotoka vijiji vingine, kwa miguu na kwa mitumbwi. Majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo, rejista za shule, madaftari ya vikundi vya akiba, na vichwani mwa mama waliokuwa wakiuza jirani yao. Kuyakusanya ni nauli ya mtumbwi, posho ya waandishi wawili au watatu, na miezi mingi ya kuuliza. Vita vimewatawanya mashahidi hao, na kila mwaka kumpata mmoja kunadai safari ndefu zaidi.

Kwa hiyo ningeomba fedha ya kwanza ianze na daftari, fundi asubiri. Siku atakapoitwa, achimbe msingi wa mita 41 na nusu, ajenge mita tatu na nusu tu. Sehemu iliyobaki iote majani mpaka majina yafike.